Usinivike Kilemba cha Ukoka

SAFU YA KALAMU NYEKUNDU
Bi Mhakiki anajibu barua za wanaoandika na kuhakiki hadithi za kutisha na hadithi za kubuni za kisayansi

Barua za safari hii nyingi zinalia kilio kimoja: watu wanapeana hadithi zao wasomeane, kisha wanagombana. Nimechagua sita. Mmoja wenu nimemjibu kwa maneno machache tu, asinilaumu, swali lake halikuhitaji zaidi. Mwingine amenikesha nikipiga hesabu, na mimi na hesabu ni chui na mbuzi.

"Shikamoo Bi Mhakiki. Katika kundi letu la waandishi chipukizi, kila wiki mmoja hutoa hadithi yake na sisi wengine tunaihakiki. Wiki iliyopita mwenzetu alileta hadithi ya mzuka unaoishi ndani ya kioo. Wote wakamwambia 'moto sana', 'umetisha mkuu'. Mimi nikasema hainitishi. Akanijibu kuwa nina wivu, na wenzangu wakamuunga mkono. Nilikosea wapi? Nakuambatishia hadithi yenyewe, mwenyewe ameridhia uisome." (Mkweli Aliyeponzwa)

Marahaba, mwanangu. Pole. Wenzako walikosea, na wewe pia ulikosea, ila si pale wanapodhani wao.

Nianze na wao. "Umetisha mkuu" si uhakiki, ni salamu. Kumwambia mtu hivyo kwa hadithi ambayo hata hukuimaliza ni kumvika kilemba cha ukoka: anatoka nacho kichwa juu, jua likiwaka kinanyauka, na aliyemvika hayupo. Nimeona watu wenye kipaji wakikaa miaka mitatu palepale kwa sababu hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Hawakusema kwamba asiposifiwa kabisa huacha kugema, lakini hilo nalo ni kweli, na ndipo ninapokuja kwako.

"Hainitishi" ni hukumu. Mwandishi aifanyie nini? Daktari akikutazama akasema "unaumwa", kisha akanyamaza, utarudi kwake? Mwenzako alihitaji kuambiwa mahali: ni ukurasa gani hofu ilikuwapo, na ni ukurasa gani ilitokomea.

Mimi hufanya hivi. Hadithi ya kutisha naisoma mara ya kwanza usiku, peke yangu, bila kushika kitu. (Ukiisoma mchana kweupe ndani ya basi lililojaa watu, halafu ukasema haitishi, umemdhulumu mwandishi.) Asubuhi naisoma tena na penseli mkononi. Naam, penseli, jina la safu hii alilichagua mhariri. Naanza kukumbuka mwili wangu ulifanya nini jana. Hofu huanza mwilini kabla ya kufika akilini. Moyo hausubiri maoni yako kuhusu mtindo wa mwandishi ndipo uende mbio. Basi naweka kistari pembeni: hapa nilisoma polepole zaidi, hapa niligeuka kutazama mlango, hapa nilipiga mwayo, hapa niliruka aya mbili, hapa nilicheka na mwandishi hakukusudia nicheke. Nikimaliza, vistari vile ndivyo ninavyomwandikia, vile vile vilivyo. "Ukurasa wa 2, bomba la maji lilipojifunga lenyewe, nilishika pumzi. Ukurasa wa 4, mzuka ulipoanza kueleza shida zake, nilitulia kabisa."

Mwandishi anaweza kubishana na mtu anayesema hadithi ni mbaya. Hawezi kubishana na anayesema "hapa nilitulia", kwa sababu mwili ni wako.

Sasa hadithi yenyewe. Mzuka unatokea katika aya ya kwanza: macho mekundu, kucha ndefu, damu, kicheko. Ameanza kwa sauti ya juu kabisa na hana pa kupandia. Kurasa zilizobaki anapiga chuku tu. Nimehesabu neno "ghafla" mara 19 ndani ya kurasa tano. "Ghafla" humshtua msomaji mara ya kwanza, pengine na ya pili. Ya tatu anakuwa ameshajua kwamba likionekana anatakiwa aruke, naye anakaa. Kushtuka ni jambo la nukta moja. Taharuki ndiyo inayokaa na mtu, nayo haihitaji damu. Inahitaji msomaji ajue jambo dogo ambalo mhusika hajalijua bado.

Na mwenzako analo jambo hilo dogo! Lipo ukurasa wa 3, sentensi moja, amelipita kama mtu aliyepita juu ya dhahabu akidhani ni kokoto: msichana anapiga mswaki mbele ya kioo, na yule wa kwenye kioo anamaliza kabla yake kidogo. Basi. Hakuna kucha, hakuna kicheko. Mimi na umri wangu huu niliposoma sentensi hiyo nilitundika taulo juu ya kioo cha bafuni, na hadi leo lipo. Ungemwonyesha mwenzako sentensi hiyo ukamwambia "hapa umenipata, kwingine kote sikusikia kitu", asingekuita mwenye wivu. Angekwenda kuanza upya kutoka hapo.

"Bi Mhakiki, mimi ni fundi cherehani, shule niliiacha mapema. Nimekaribishwa katika kundi la wanaoandika hadithi za sayansi. Wananipa hadithi nizisome, nami naogopa kufungua mdomo kwa sababu fizikia siijui. Nina haki ya kuhakiki?" (Sindano na Uzi)

Haki unayo, fundi, tena pengine kuliko wenye shahada, kwa sababu wao husoma hadithi kama wanaosahihisha mtihani.

Anza na kazi yako. Hadithi hizi zina ugonjwa mmoja ambao hauhitaji fizikia kuutambua: nahodha wa chombo cha anga anamgeukia mhandisi wake, waliyesafiri naye miaka tisa, na kumwambia, "Kama unavyojua, injini zetu hutumia nguvu ya atomu, na bila kipoza joto tutalipuka." Kama anavyojua, anamwambia ya nini? Wewe mwenzako wa cherehani ya pili aliwahi kukwambia, "Kama unavyojua, sindano ina tundu, na uzi hupita humo"? Ungemtazama mara mbili. Maneno yale anasemeshwa nahodha, lakini anayesema ni mwandishi, akitupenyezea maelezo kupitia kinywa cha mtu mwingine. Weka kistari, andika pembeni: "Hawa wawili wanaambiana wanayoyajua." Kama mhandisi kweli ni mzoefu, na aguse bomba, aondoe mkono upesi, aseme tu "limeanza tena." Tutaelewa.

Kisha kuna suala la uongo. Mimi humpa mwandishi wa hadithi ya sayansi uongo mmoja mkubwa bure. Anataka chombo kinachopita mwendo wa nuru? Nakubali, kwa sababu bila hicho safari zenyewe hazipo: chombo cha anga Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde, na hata kingeelekezwa moja kwa moja kwenye Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi baada ya Jua, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika. Basi chukua uongo wako, twende. Ila baada ya hapo mengine yote yatii. Uongo wa pili namdai maelezo. Wa tatu nafunga hadithi.

Jambo ambalo wahakiki wengi wa sayansi hawalioni ni hili: pale mwandishi anapokosea sayansi, mara nyingi ndipo alipoiacha hadithi nzuri zaidi imelala. Nilipewa rasimu moja ambamo binti yuko Mars na mama yake yuko duniani, wanazungumza kwa simu, wanakatizana maneno, wanalia pamoja. Haiwezekani. Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na hata kwa mwendo huo hutumia dakika 3 hivi kufika Mars sayari hizi mbili zikiwa karibu kabisa, na dakika 22 zikiwa mbali kabisa. Kwenda tu, kurudi hesabu tena. Msomi mmoja katika kundi alimwandikia mwandishi mstari mmoja, "kosa la fizikia, rekebisha," naye akarekebisha kwa kuiondoa simu! Nikasikitika. Hebu fikiri: binti anasema "Mama, hewa inavuja," na sauti ya kwanza ya mama kumjibu inaweza kufika baada ya dakika 44. Na wakati huo wote spika inaendelea kumletea maneno ya zamani ya mama, anayesimulia habari za majirani, hajui. Hiyo ndiyo hadithi. Sayansi ilikuwa inampa, yeye akairudisha.

Mfano mwingine, huu wa kutisha. Katika rasimu kumi za angani, katika nane mtu akitupwa nje ya chombo bila vazi hupasuka kama puto. Mwaka 1966 huko Houston, fundi mmoja alikuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, na bomba la vazi likachomoka. Hakupasuka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, hewa ikarudishwa, akapona. Alichokumbuka mwisho kabla ya kuzimia ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Niambie, fundi, kipi kinakukaa mwilini: puto, au mate kuchemka ulimini ukiwa na sekunde 14 za kujua kinachokupata?

Na hesabu iliyonikesha ni ya hadithi ya kundini kwenu uliyoniambatishia, ya mume anayerudi kutoka safari ya miaka 10 akamkuta mkewe amekuwa ajuza. Mwandishi kasema chombo kilikwenda nusu ya mwendo wa nuru. Muda kweli hupungua kwa anayekwenda kasi, lakini kwa nusu ya mwendo huo, miaka 10 ya chomboni ni miaka 11 na nusu hivi ya duniani. Mke atakuwa amemzidi mumewe kwa mwaka na miezi kadhaa. Hilo ni kutengeneza nywele tu. Akitaka ajuza, aseme asilimia 99: hapo miaka 10 ya mume inakuwa kama 71 ya mke. Namba moja inabadilika na hadithi yote inasimama. Hukuhitaji kujua hesabu yenyewe ili kumsaidia. Ungeandika tu: "Nusu ya mwendo wa nuru inatosha kweli kumzeesha hivi? Sina hakika, angalia." Kuuliza namba ni kama wewe unavyopima kiuno mara mbili kabla ya kukata kitambaa, ingawa mteja amekutajia.

"Je, kuna ubaya hadithi ya kutisha ikiisha kwa 'kumbe ilikuwa ndoto'?" (Mdadisi)

Upo. Umemkopa msomaji hofu yake kwa kurasa kumi, siku ya kulipa unamwambia hukukopa. Ukipokea hadithi kama hiyo, usimzomee mwandishi; mwambie ajaribu kuifuta aya ya mwisho tu, aone kama kuna kitu kilichopotea. Aghalabu hakuna.

"Mwalimu, watu saba wameihakiki hadithi yangu ya roboti anayelea mtoto. Mmoja anasema mwisho ni mfupi mno, mwingine ni mrefu mno. Wa tatu anataka roboti afe. Wa nne anataka tugundue kwamba mtoto ndiye roboti. Wa tano hakuelewa. Wa sita anasema mwisho unatabirika, na wa saba aliupenda ila 'kuna kitu'. Nimfuate nani? Nimechanganyikiwa, karibu niitupe." (Mlezi wa Roboti)

Usiitupe. Na usimfuate yeyote kati ya hao saba, ila waamini wote.

Soma orodha yako tena. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa hazipatani, ndiyo maana unaona kizunguzungu. Lakini wote saba wamekunyooshea kidole mahali pamoja: mwisho. Msomaji huwa sahihi anapokuambia pameuma wapi, na huwa anabahatisha anapokuambia pamevunjika nini. Hata yule wa "kuna kitu" amekupa ushahidi. Amehisi lile lile ambalo wengine walilipa majina.

Tena maumivu ya mwisho mara nyingi chanzo chake kiko nyuma. Katika muhtasari ulioniandikia, roboti anachagua kujizima ili umeme uliobaki umtoshe mtoto. Vizuri sana. Ila hakuna popote kabla ya hapo ulipotuonyesha roboti huyu akipenda kuwa macho. Anafurahia nini? Kuna saa ya siku anayoingojea? Kama kuzimwa hakumgharimu kitu, kujizima kwake ni kama mtu kuzima taa akitoka chumbani, na msomaji atasema "ni mfupi", "ni mrefu", "unatabirika", neno lolote litakalomjia la kueleza kwa nini hakulia. Usiguse ukurasa wa mwisho. Nenda ukurasa wa 3.

Umeniambia pia kwamba ulimjibu kila mmoja, ukimweleza ulichokusudia. Hapo nakukanya kidogo. Waandishi wa hadithi za sayansi walianza mapema kujifunza adabu ya jambo hili: mwaka 1956 Damon Knight na wenzake walianzisha mikutano katika mji mdogo wa Milford, Pennsylvania, ambako waandishi walikaa duara, kila mmoja akasema kwa zamu alichoona katika hadithi, na mwenye hadithi hakufungua mdomo mpaka wa mwisho amalize. Ndipo aliporuhusiwa kujibu. Utaratibu ule ukahamia kwenye warsha ya Clarion iliyoanza mwaka 1968, na leo makundi mengi duniani yanaufuata bila kujua ulikotoka. Ukimya ule una maana: msomaji akiwa kitandani na hadithi yako, wewe hutakuwapo kumweleza. Kama maelezo yako ni mazuri kuliko hadithi, yahamishie kwenye hadithi.

Sisemi utaratibu ule hauna dosari. Nimekaa katika duara la watu kumi na wawili wakirudia kosa lilelile moja, kila mmoja kwa ufasaha zaidi ya aliyemtangulia, na mwandishi katikati akisinyaa kama aliyepigwa kwa zamu. Kwenye makundi yangu nimeweka sharti: lililokwisha kusemwa, sema "nakubaliana naye" upite.

Na yule anayetaka mtoto ndiye awe roboti, mshukuru, kisha mwambie aiandike yeye. Nahisi anaitaka hadithi hiyo kwa ajili yake.

"Nikihakiki hadithi ya mtu huwa naandika upya aya nzimanzima ili aone inavyotakiwa kuwa. Natumia muda wangu mwingi bila malipo. Juzi mmoja ameniambia nimempora hadithi yake. Nimeudhika. Nani mwenye haki?" (Mkono Mwepesi)

Yeye. Na wewe nakuheshimu kwa muda wako, lakini yeye.

Mary Shelley alianza kuandika riwaya ya kutisha ya Frankenstein mwaka 1816, akiwa na miaka 18, na kitabu kikatoka mwaka 1818. Mumewe Percy aliupitia mswada. Madaftari yenyewe yamehifadhiwa Oxford, na mwandiko wa kila mmoja unaonekana: hapa mke, hapa mume katikati ya mistari. Mara nyingi Percy alitoa neno jepesi la mkewe akaweka zito lenye asili ya Kilatini. Wasomi wanabishana mpaka leo kama alimsaidia au alimharibia. Na huyo alikuwa mshairi mkubwa, tena wa nyumba moja na mwandishi. Wewe na mimi tuna kibali gani?

Umenitumia mfano wako ukijivunia, nami nitautumia. Mwandishi aliandika, "Giza lilikuwa la kutisha sana." Sentensi dhaifu, hilo halina ubishi, inatuamuru kuogopa badala ya kututisha. Wewe ukaandika, "Kiza totoro kilitanda kama sanda juu ya maiti ya mchana." Umeipamba, sikatai. Lakini msimulizi wa hadithi ile ni mtoto wa miaka tisa aliyejificha chini ya kitanda! Mtoto gani wa miaka tisa anayejificha huku akitunga mashairi? Umeondoa sentensi dhaifu iliyokuwa ya mtoto, ukaweka sentensi nene iliyo yako. Ungemuuliza tu mwandishi, "Mtoto anaona nini hasa, au hawezi kuona nini?", huenda angekujibu, "Haoni hata vidole vyake." Nayo hiyo ndiyo sentensi. Imetoka kwake, inatosha, na inamfaa mtoto.

Mimi nimejiwekea mpaka: katika hadithi nzima nabuni sentensi moja tu ya mfano, na hata hiyo naichagua mahali ambapo najua mwandishi hataitumia. Mkono ukiniwasha zaidi ya hapo, nafungua daftari langu mwenyewe.

"Shikamoo Bi Mhakiki. Unatukosoa kila mwezi, na tunakushukuru, lakini sijawahi kusoma ukisema kwamba wewe umewahi kukosolewa. Au hujawahi kuandika hadithi?" (Nyani Haoni Kundule)

Marahaba, na jina lako nimelielewa.

Niliandika. Ilikuwa hadithi ya mlinzi wa usiku katika jengo la ofisi. Kila usiku, saa tisa kasoro robo, lifti inashuka yenyewe kutoka juu, tupu. Milango inafunguka. Inakaa wazi muda wa mtu mmoja kutoka, kisha inafunga, inapanda. Mlinzi anazoea. Anaanza hata kuisalimu. Usiku mmoja lifti inafunguka, inakaa wazi muda mrefu kuliko kawaida, na mlinzi anaelewa kwamba safari hii haisubiri mtu atoke.

Kurasa kumi na moja. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika. Nikampa mwenzangu mmoja, mtu asiyesema sana, nikijiandaa kupokea sifa kwa unyenyekevu. Hata maneno ya unyenyekevu nilikuwa nimeshayachagua.

Baada ya wiki alinirudishia. Hakuwa ameandika maoni. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na mistari mitatu tu. Ukurasa wa 2: "Nimewasha taa ya ukumbini." Ukurasa wa 5: "Nimempigia dada simu. Sikumwambia kwa nini." Ukurasa wa 8: "Nimezima taa ya ukumbini, nalala."

Nilikasirika mwezi mzima. Nilimwona mvivu, mimi nimetoka jasho kurasa kumi na moja, yeye ananiambia habari za taa zake. Sikumsalimu vizuri. Mpaka siku moja, kwa hasira tu, nikafungua ukurasa wa 7 na wa 8 kutafuta ushahidi wa kumshinda. Pale ndipo nilipokuwa nimeanza kueleza. Nilieleza nani aliyejenga jengo lile, alikufaje, mkewe alitamka nini siku ya maziko, na kwa nini saa tisa kasoro robo. Kurasa nne, kila swali na jibu lake, safi kama ripoti ya bima. Niliogopa msomaji asije akasema sikufikiri. Kumbe msomaji alikuwa anaogopa, mimi nikaenda nikamtuliza, nikamfunika shuka.

Nikazikata zote nne. Iliniuma, sitadanganya, mkewe yule alikuwa na maneno mazuri sana siku ya maziko, na mengine bado nayakumbuka kwa moyo. Hadithi ikabaki kurasa saba. Nikampelekea mwenzangu tena, sikuomba radhi, nikaiacha juu ya meza yake tu. Yeye alikuwa akifanya kazi ghorofa ya sita.

Kesho yake nikaikuta mezani kwangu. Niliifungua ukurasa kwa ukurasa: hakuna alama. Mwisho kabisa, chini ya mstari wa mwisho, penseli ile ile:

"Nimepanda kwa ngazi."